Jibu si sahihi, lakini kosa liko wapi? Utatuzi wa matatizo ya hesabu za shule kwa kufuata dalili

Daftari limerudi na alama nyekundu, na mtoto amesimama pembeni akisubiri umwambie la kufanya. Wengi wetu hushika kalamu papo hapo na kumwonyesha njia sahihi. Anaitikia, ananakili, na kesho yake analeta kosa lile lile. Hapo tumetibu bila kupima. Mtoto hakosei ovyo: mara nyingi ana kanuni yake kichwani, anaifuata kwa uaminifu hatua kwa hatua, na ubovu uko kwenye kanuni yenyewe. Usipoijua, maelezo yako mazuri yatapita juu yake.

Tafuta hapa chini dalili unayoiona kwenye daftari. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi, nikashuka hadi kile cha nadra.

Kabla ya dalili yoyote

Usifute kazi yake. Hesabu iliyokosewa ndiyo ushahidi pekee ulio nao.

Kisha mwambie, "Hebu nieleze ulivyofanya hapa," na umuulize hivyo hivyo hata kwenye hesabu aliyopata. Ukiuliza kwenye makosa tu, atajua swali lako lina maana ya "umekosea," ataanza kubahatisha jibu jingine badala ya kukueleza.

Mpe hesabu nyingine mbili za aina hiyo hiyo. Kosa la kupitiwa halijirudii. Kosa la kanuni hujirudia kwa umbo lile lile.

Halafu kagua mambo madogo: je, alinakili namba sawasawa? Safu zimenyooka, au mamoja yameingia chini ya makumi? Je, 1 yake inafanana na 7, na 6 inafanana na 0? Nimeona watoto waliosemwa kuwa hawajui hesabu kumbe walikuwa hawasomi mwandiko wao wenyewe. Karatasi ya miraba, tarakimu moja kila mraba, humaliza tatizo hilo siku hiyo hiyo.

Dalili: anaambiwa "mia mbili na tano," anaandika 2005

Hili ni kosa la kusikia vizuri kuliko tunavyodhani. Kiswahili kinasema mia mbili, kisha na, kisha tano. Mtoto ameandika 200, akaongeza 5 mbele yake. Atafanya vivyo hivyo kwa "elfu moja na kumi na mbili" na kupata 100012.

Tengeneza vikaratasi: vyenye 100 hadi 900, vyenye 10 hadi 90, vyenye 1 hadi 9, urefu wake ukilingana na idadi ya tarakimu. Aweke 200, kisha alaze 5 juu ya sifuri ya mwisho. Anaona mwenyewe kwamba tano haikai pembeni ya mia mbili, inakaa ndani yake. Usiendelee na kujumlisha wala kutoa kwa safu mpaka hili limetulia, maana yote yanayofuata yamesimama juu ya thamani ya nafasi.

Dalili: anatoa, jibu linakuwa kubwa mno

52 − 27, kaandika 35. Jibu sahihi ni 25. Kosa hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu ndilo lililonifundisha kupima kwanza. Niliwahi kukaa na mtoto wiki nzima nikimfundisha kukopa, naye kukopa alikuwa anakujua. Tatizo lake lilikuwa jingine kabisa.

Hiyo 35 inapatikana kwa njia mbili.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi: mtoto anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. 7 toa 2 ni 5. 5 toa 2 ni 3. Aliwahi kuambiwa "huwezi kutoa namba kubwa kwenye ndogo," akaitii amri hiyo kwa kuigeuza hesabu.

Njia ya pili: anakopa kumi, anapata 12 toa 7 ni 5, lakini anasahau kwamba makumi yamepungua. Anaendelea na 5 toa 2, anapata 3.

Majibu ni yale yale, na dawa hazifanani hata kidogo. Ili kuzitenganisha, mpe hesabu ambayo tofauti ya mamoja si 5. Mpe 54 − 28. Akiandika 34, anageuza. Akiandika 36, anakopa bila kupunguza. Akiandika 26, amepata, na lile la kwanza huenda lilikuwa la kupitiwa. (Tofauti ya mamoja ikiwa 5 njia zote mbili hufika pamoja, ndiyo maana 52 − 27 haikuambii kitu. Chagua namba zako za kupimia kwa uangalifu.)

Anayegeuza, mrudishe kwenye vitu vya kushika: vijiti vilivyofungwa kumikumi. Ana mafungu 5 na vijiti 2. Anatakiwa kutoa vijiti 7. Mwache ahangaike kidogo mpaka yeye mwenyewe afungue fungu moja. Akishalifungua mara tatu nne, neno "kukopa" linapata maana.

Asiyepunguza huhitaji kitu kidogo tu: afute 5 na kuandika 4 juu yake kabla ya kutoa chochote. Mpangilio huo wa hatua unatosha.

Sifuri zikiwepo katikati, ugonjwa huongezeka. Kwa 400 − 156 jibu ni 244. Ukikuta 356, anageuza: 6 toa 0, 5 toa 0. Ukikuta 254, anajua kukopa lakini amesahau kwamba sifuri ya makumi, baada ya kupokea kumi na kutoa moja, imebaki 9. Mwonyeshe kwamba 400 ni makumi 40. Akichukua kumi moja yanabaki makumi 39, na mamoja yanakuwa 10. Anaandika 39 kwa mkupuo mmoja juu ya 4 na 0, na mlolongo mrefu wa kukopa unakwisha. Ikishindikana, ahesabu kwa kupanda: kutoka 156 hadi 160 ni 4, hadi 200 ni 40, hadi 400 ni 200. Jumla 244. Njia hii ni halali kabisa, na kwa watoto wengine ndiyo salama zaidi.

Dalili: kuzidisha kunampa jibu dogo, kugawanya kunapoteza sifuri

36 × 24, kaandika 216. Amezidisha 36 kwa 4 akapata 144, akazidisha 36 kwa 2 akapata 72, akajumlisha. Alisahau kwamba 2 hiyo ni 20, kwa hiyo ni 720, na jibu ni 864. Kabla ya kumfundisha lolote, muulize: "30 mara 20 ni ngapi?" Ni 600. Basi jibu la 216 haliwezekani, na amelikataa mwenyewe. Mzoeshe kukadiria kabla ya kuanza.

Kwenye kugawanya, 618 ÷ 6 = 13 ni kosa la sifuri iliyorukwa: 6 ndani ya 1 haiingii, akaendelea bila kuandika 0. Jibu ni 103. Azidishe kurudi: 13 × 6 ni 78, mbali sana na 618.

Kama hatua ni sahihi lakini majibu madogo madogo yanakosewa, tatizo ni jedwali la kuzidisha, na hapa wazazi hukata tamaa mapema bila sababu. Jedwali la 1 hadi 10 lina visanduku 100. Ondoa ya 1, 2, 5 na 10 ambayo watoto wengi wanayamudu. Kumbuka pia kwamba 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja. Zinabaki 21 tu. Andika hizo 21, weka alama kwenye anazozijua, na zitakazobaki huenda zikawa nane au tisa. Afanye tatu kwa siku, na aulizwe tena za jana na za juzi. Dakika tano kila siku humfaa kuliko saa nzima ya mwisho wa wiki.

Dalili: ½ + ⅓ = ⅖

Amejumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini. Hakuna kosa la sehemu linalojitokeza zaidi ya hili.

Pima kwanza kwa swali moja: "Kipi kikubwa, ⅖ au ½?" Mbili za tano hazifiki nusu. Ameanza na nusu, akaongeza kitu, akabaki na pungufu ya nusu. Mtoto akishangaa hapo, yuko tayari kufundishwa. Asiposhangaa, usimpeleke kwenye kanuni bado. Chanzo kiko chini zaidi.

Chanzo cha kawaida: haoni ½ kama namba moja. Anaona namba mbili, 1 na 2, zilizotenganishwa na mstari. Dalili yake ya pacha ni kudai kwamba ¼ ni kubwa kuliko ⅓ "kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3." Mpe vipande vya karatasi vya urefu mmoja, akunje kimoja kiwe sehemu mbili sawa, kingine sehemu tatu, kingine sehemu nne. Kadiri anavyokata vingi ndivyo kila kipande kinavyopungua. Kisha aviweke vipande kwenye mstari wa namba kati ya 0 na 1.

Lugha nayo ina mchango. Nusu, theluthi na robo ni maneno yaliyotoka Kiarabu, na mtoto hasikii "tatu" ndani ya theluthi wala "nne" ndani ya robo. Kuna wanaokariri majina haya bila kujua yanasema nini. Muulize, "Theluthi ngapi zinafanya kitu kizima?" Akisita, umepata pa kuanzia.

Chanzo cha pili: amechanganya kanuni. Amefundishwa kuzidisha sehemu, ambako kweli unazidisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, akaihamishia kwenye kujumlisha. Huyu anaelewa sehemu. Anahitaji kutenganishiwa tu. Mpe mchanganyiko wa kujumlisha na kuzidisha kwenye ukurasa mmoja, na kabla ya kufanya aseme kwa mdomo kama asili, yaani namba za chini, zinatakiwa kufanana au la.

Chanzo cha tatu: anajua lazima asili ziwe sawa, ila KDS (kigawe kidogo cha shirika) inamshinda. Anabadilisha asili kuwa 6 lakini anaacha viasi, yaani namba za juu, kama vilivyokuwa: 1/6 + 1/6. Rudi kwenye vipande vya karatasi: nusu ni vipande vitatu vya sita, theluthi ni viwili, jumla ⅚. KDS ikimchosha, azidishe tu asili mbili. Jibu litarahisishwa mwishoni.

Kwenye kugawanya sehemu, kosa ni kugeuza isiyotakiwa. Kwa ¾ ÷ ½, anayegeuza ya kwanza hupata ⅔. Muulize maana yake: nusu ngapi zimo ndani ya robo tatu? Imo moja, na nusu ya nyingine. Jibu ni 1½, na ⅔ imejikataa.

Dalili: 0.35 ni kubwa kuliko 0.5

Anasoma "nukta thelathini na tano" na "nukta tano," na thelathini na tano ni kubwa. Acheni kuisoma hivyo nyumbani: someni sifuri nukta tatu tano. Mwongezee sifuri, 0.50 na 0.35, kisha alinganishe.

Kwa 3.4 + 2 = 3.6, amepanga namba zikalingana upande wa kulia. Nukta ndizo zinazopangwa mstari mmoja. Namba nzima ina nukta isiyoandikwa mwishoni, 2.0. Na kwa 0.5 × 0.4 = 2, mkumbushe kwamba anatafuta nusu ya 0.4, jibu haliwezi kuzidi 0.4.

Dalili: MAGAZIJUTO imefuatwa, jibu bado si sahihi

MAGAZIJUTO ni mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Chukua 20 − 8 + 5. Mtoto kasema JU inatangulia TO, akajumlisha 8 na 5 akapata 13, akatoa, akaandika 7. Jibu ni 17. Hapa namtetea mtoto: kifupisho chenyewe ndicho kilichompotosha. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, kinachotangulia ni kilicho kushoto. Vivyo hivyo kugawanya na kuzidisha, ingawa huko kuanza na GA hakumuumizi: 24 ÷ 4 × 2 ni 12. Andika kifupisho kwa ngazi tatu: MA juu, GA na ZI pamoja chini yake, JU na TO pamoja chini kabisa. Ndani ya ngazi moja, tembea kutoka kushoto kwenda kulia.

Dalili: −3 − 5 = 8

Muulize sababu, atakwambia "hasi na hasi ni chanya." Msemo huo ni wa kuzidisha na kugawanya, tena umefupishwa mno. Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliandika kanuni za namba hasi mwaka 628, akizieleza kama mali na deni, na mfano wake bado unafaa: una deni la 3, ukaongeza deni la 5. Hakuna mtoto atakayesema umetajirika. Kisha mstari wa namba: simama kwenye −3, sogea kushoto hatua 5, umefika −8. Piga marufuku msemo ule mpaka atakapoweza kuumalizia: hasi *mara* hasi ni chanya.

Dalili: milinganyo inamchanganya

Kipimo kimoja hufichua mengi. Mpe 3 + 5 = __ + 2. Akijaza 8, anaiona alama ya sawasawa kama amri ya "andika jibu hapa." Robert Recorde wa Wales aliyeitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1557 alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Ni mizani: kilicho kushoto kina uzito wa kilicho kulia. Kwenye nafasi ile inaingia 6. Mtoto asiyelijua hili atahangaika na aljebra miaka yote, kwa hiyo tumia siku kadhaa hapa bila kuona umechelewa.

Akishalijua, makosa yanayobaki ni haya. Kwa 3x + 5 = 20 anaandika 3x = 25, kwa sababu aliambiwa "hamisha" tano, akaihamisha kweli. Acha neno kuhamisha. Sema: toa 5 pande zote mbili. 3x = 15, x = 5. Arudishe 5 kwenye swali: 15 na 5 ni 20.

Kwa 2(x + 3) = 2x + 3, na kwa 3a + 2b = 5ab, mwambie ajaribu kwa namba. Weka x = 4: upande mmoja 14, mwingine 11. Weka a = 2 na b = 3: upande mmoja 12, mwingine 30. Ila asijaribu kwa 1. Ukiweka a = 1 na b = 1, pande zote zinatoa 5, na kosa linajificha.

Dalili: hesabu tupu anapata, mafumbo yanamshinda

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi, na ndiyo yenye vyanzo vingi vilivyovaa sura moja.

Pima kwanza kusoma. Chukua fumbo alilokosa, msomee wewe kwa sauti, polepole. Akilipata, hesabu si tatizo. Kusoma ndiko kunakomla nguvu, na ukimwongezea mazoezi ya hesabu utamchosha bure.

Kama hata ukimsomea hapati, chanzo cha kawaida ni kuwinda maneno. Mtoto amefundishwa kwamba "jumla" maana yake jumlisha, "baki" maana yake toa, basi anarukia neno na kuokota namba mbili za karibu. Kiswahili kina mitego yake hapa. Chukua fumbo hili: *Asha ana kalamu 15. Anamzidi Musa kwa kalamu 6. Musa ana kalamu ngapi?* Wako watakaoandika 90, kwa kuwa wameona "zidi" wakasikia "zidisha." Wako watakaoandika 21, kwa kuwa kuzidi ni kuwa na nyingi, basi wameongeza. Jibu ni 9. Ukiona 90, tatizo ni neno. Ukiona 21, neno kalielewa, ila hakujiuliza nani mwenye nyingi.

Mitego mingine ya namna hiyo: "Toa 8 kutoka 20" huandikwa 8 − 20 na mtoto anayefuata mpangilio wa maneno. "Kutoa" katika maisha ni kumpa mtu kitu, na fumbo linaloeleza aliyepewa humfanya mtoto atoe badala ya kuongeza. "Punguza kwa 3" na "punguza hadi 3" zinatofautiana kwa neno moja tu.

Marekebisho yangu ni yale yale kila mara, na hayana haraka:

1. Afunike namba, asome fumbo kama hadithi, akusimulie kwa maneno yake.
2. Achore. Si picha nzuri. Mistari miwili, mrefu wa Asha na mfupi wa Musa, pengo la 6 katikati.
3. Aseme jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko 15.
4. Ndipo afunue namba na kuhesabu.
5. Aandike jibu kwa sentensi nzima: "Musa ana kalamu 9."

Hatua ya tano huokoa watoto wengi kwenye mafumbo yenye baki. Watu 50 wanasafiri, gari moja lina nafasi 12. Magari mangapi yanahitajika? 50 ÷ 12 ni 4 baki 2. Anayeandika "4 baki 2" hajakosea kugawanya. Mwambie aandike sentensi, "Yanahitajika magari 4 baki 2," na atajisikia mwenyewe kwamba watu wawili wameachwa. Ni 5.

Mafumbo ya hatua mbili au tatu hushinda hata watoto wazuri kwa sababu hukoma kwenye jibu la kwanza wanalolipata. Aandike swali la mwisho juu ya ukurasa kabla ya kuanza, alisome tena akimaliza.

Dalili: vizio na vipimo

Saa 3:20 toa saa 1:45, kaandika 1:75. Amekopa 100 badala ya dakika 60. Jibu ni saa 1 na dakika 35. Kwenye mita za mraba, mtoto hudhani mita 1 ya mraba ni sentimita 100 za mraba. Achore mraba wa 100 kwa 100, ni 10,000. Anayechanganya mzingo na eneo, apitishe uzi kuzunguka kitabu, kisha afunike kitabu hicho hicho kwa vikaratasi vya mraba. Mikono yake itatofautisha kabla ya kichwa.

Dalili: nyumbani anaweza, kwenye mtihani hawezi

Angalia kwanza jinsi anavyofanya mazoezi. Hesabu ishirini za aina moja humfundisha kurudia, si kuchagua njia, na mtihani unachanganya. Changanya aina kwenye kila zoezi.

Angalia pia kama ni wewe unayefanya. Ukiwa karibu, uso wako unamwambia akiwa njiani kukosea. Kaa chumba kingine kwa dakika kumi, umwache na hesabu tano.

Kisha kuna hofu. Hofu hujaza nafasi ile ile ya akili inayohitajika kushikilia namba, ndiyo maana anayejua anasahau. Ondoa saa ya kupimia muda kwa majuma kadhaa, aanze na hesabu anayoiweza, na usiseme mbele yake kwamba hata wewe hesabu zilikushinda. Atalichukua kama urithi.

Wapi pa kusimama

Kwa siku moja: machozi yakianza, au akianza kurusha majibu bila kufikiri, funga daftari. Hakuna kitakachoingia tena jioni hiyo.

Zungumza na mwalimu wa darasa iwapo kosa moja limedumu majuma matatu licha ya mazoezi mafupi ya kila siku, au iwapo njia unayomfundisha inapingana na ya darasani. Njia mbili zinazogombana humwacha mtoto bila hata moja.

Mpeleke apimwe macho akikunja uso kutazama ubaoni, akiruka mistari, au akikosa zaidi hesabu za kunakili kuliko za kusikia. Akijibu swali ambalo hukuuliza, apimwe masikio.

Mtafute mtaalamu wa elimu maalumu au mwanasaikolojia wa elimu ukiona mambo haya kwa pamoja, na yamedumu miezi 6 au zaidi hata baada ya msaada wa karibu: hawezi kusema haraka kipi kikubwa kati ya 6 na 9, bado anahesabu vidole kwa 3 + 2 wakati wenzake wameacha zamani, haoni kwamba vitu 4 ni 4 bila kuvihesabu kimoja kimoja, anapotea kwenye saa na kalenda. Huenda ni diskalkulia, hali ya ubongo kushughulikia namba kwa shida, ambayo hukadiriwa kuwapata kati ya asilimia 3 na 7 ya watu. Haihusiani na uvivu wala upungufu wa akili, na mazoezi zaidi ya aina ile ile hayaisaidii. Usimpachike mtoto jina hilo kwa kusoma mwongozo huu. Ni la mtaalamu kusema baada ya vipimo.

Mtoto akiumwa tumbo, akitapika au kukosa usingizi kila siku ya somo la hesabu, acha hesabu kwanza, tafuta mshauri. Na mtoto aliyekuwa anaweza, kisha ghafla namba zikampotea, hasa baada ya kuanguka, kugongwa kichwa au kuugua, ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Popote utakapompeleka, beba madaftari ya miezi michache iliyopita, yasiyofutwa, pamoja na karatasi uliyoandika alichokueleza kwa maneno yake kuhusu hesabu tano sita alizokosa. Mtaalamu ataanzia hapo.